Barua zenu: Mguu wa bandia hubaki ukingoni

Toleo lililopita niliandika mistari michache kuhusu Natalie du Toit, mwogeleaji wa Afrika Kusini mwenye mguu mmoja, ambaye mwaka 2008 alishindana Olimpiki na Paralimpiki (michezo ya wenye ulemavu), zote mbili Beijing. Barua zimekuja kutoka Kirumba, Nyegezi, Sengerema na visiwani. Nimechukua tatu. Ya mwisho nimeisoma mara nyingi kuliko zote, na jibu lake ndilo refu.

*Mwalimu, shikamoo. Mimi mvuvi wa dagaa, mzigo nashushia Mwaloni Kirumba. Umesema dada huyo aliogelea kilomita 10 kwa mguu mmoja. Mimi ninayo yote miwili, na mtumbwi ukipinduka mita mia mbili kutoka nchi kavu sijui kama nitafika. Alivaa mguu wa bandia? Na iliwezekanaje asizunguke palepale, kama mtumbwi unaopigwa kasia upande mmoja?*

Marahaba, mwanangu. Mfano wako wa kasia ndio wenyewe, nami naujua kwa mwili wangu. Wasomaji wengi hawajui kwamba mimi natembea na mguu wa bandia. Nilikuwa na miaka 23, kisiwani Kome, tunavuta boti kuipandisha mchangani juu ya magogo. Gogo likateleza, boti ikanishukia kwenye ugoko wa kushoto. Nilikaa nyumbani siku nne nikibandika dawa za majani. Nilipofikishwa hospitali kidonda kilikuwa kimeoza, wakakata chini ya goti.

Mwaka uliofuata nilirudi majini usiku, watu wasinione. Nikapiga mguu uliobaki kwa nguvu zote, na kweli, nikageuka. Kiuno kilikuwa kinajiviringisha na uso unarudi kule nilikotoka. Ilinichukua wiki nyingi kugundua kwamba mguu mmoja haupigwi kama nusu ya miguu miwili. Inabidi uuvushe kidogo upande wa pili, chini ya mwili, ili ufanye kazi ya usukani, na tumbo ulikaze. Mwendo unatoka mikononi.

Hapo ndipo penye jibu la kilomita 10. Katika mbio fupi za bwawani miguu ina kazi kubwa: unaruka kwa miguu, kila ukifika ukutani unajisukuma kwa miguu, na mita 50 unazimaliza ukiipiga kwa kasi. Mwenye mmoja anapoteza kitu kila kona. Kwenye maji ya wazi hakuna ukuta wa kugeukia. Kwa safari ndefu, hata mwenye miguu miwili anaitumia zaidi kuushika mwili usiyumbe, huku mikono ikivuta. Du Toit alikwenda kwenye maji ya wazi kwa sababu huko ndiko tofauti kati yake na wengine ilikuwa ndogo.

Na hakuvaa mguu wa bandia. Katika mashindano ya kuogelea ya Paralimpiki kiungo cha bandia hakiingii majini, na Olimpiki pia aliogelea bila mguu huo. Mguu unabaki ukingoni.

Usidhani alianza kuogelea baada ya ajali. Akiwa na miaka 14 alikuwa tayari ameiwakilisha nchi yake katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Kuala Lumpur, 1998. Februari 2001 alitoka mazoezini akielekea shule kwa skuta, gari likamgonga, wakamkata mguu wa kushoto gotini. Alirudi bwawani kabla hajaweza kutembea vizuri. Mwaka uliofuata, katika michezo hiyohiyo ya Jumuiya ya Madola, Manchester, aliingia fainali ya mita 800 akiwa na wanawake wenye miguu yote. Mei 2008 alikuwa wa nne duniani katika kilomita 10, huko Sevilla, na nafasi ya Olimpiki ikapatikana hapo. Beijing alimaliza wa 16, dakika moja na sekunde 22 nyuma ya mshindi, Larisa Ilchenko wa Urusi, baada ya saa mbili majini. Daraja la Kigongo–Busisi lina urefu wa kama kilomita 3. Ogelea kwenda, rudi, nenda tena, halafu bado hujamaliza.

Wiki chache baadaye, kwenye Paralimpiki, alichukua dhahabu tano. Miaka minne kabla alikuwa amechukua nyingine tano Athens, na London 2012 akaongeza tatu: jumla 13, na fedha mbili.

Kuhusu mita zako mia mbili: usingoje kujua kama utafika. Vaa jaketi okozi kila usiku unaotoka, hata ziwa likiwa limelala kama mafuta kwenye sahani.

*Mwalimu, mimi ni mwanafunzi hapa Nyegezi. Nimefuatilia timu ya Paralimpiki ya Afrika Kusini. Naiona kuanzia 1964 hadi 1976, halafu inapotea mpaka 1992. Walikosa waogeleaji?*

Waogeleaji walikuwapo. Walizuiwa, na sababu ilikuwa ubaguzi wa rangi.

Kuogelea ni mchezo wa Paralimpiki tangu Roma 1960. Mwaka ule kusini mwa Afrika tayari kulikuwa na mwanamke aliyerudi na dhahabu za majini na za upinde, Margaret Harriman, ila alishindania Rhodesia. Afrika Kusini iliingia Tokyo 1964, na Harriman baadaye akahamia timu yao. Kikosi kilikuwa cha weupe. Mwaka 1976, Toronto, walipeleka timu iliyochanganya rangi, lakini sheria za nyumbani zilikuwa zilezile, na nchi kadhaa, Kenya ikiwamo, ziliondoka. Mwaka 1980 michezo ilifanyika Arnhem, na Uholanzi ikawakataa. Hawakuonekana tena hadi Barcelona 1992, Mandela akiwa ametoka gerezani miaka miwili kabla.

Mwaka huohuo wa 1976 sisi hapa tulisusia Olimpiki ya Montreal, kwa kuwa New Zealand ilikwenda kucheza raga Afrika Kusini na bado ikaruhusiwa. Filbert Bayi, mwenye rekodi ya dunia ya mita 1500, hakukimbia. Nilikuwa mtoto, na nakumbuka wazee kijijini wamekaa kimya kwenye redio. Iliuma, na ilikuwa haki. Najua wapo wanaosema mlemavu asingeingizwa katika siasa, kwamba miaka 16 ya mwogeleaji hairudi. Hairudi, nakubali. Lakini mtoto mweusi wa Cape Town aliyezaliwa bila mkono alikuwa amekwishafungiwa zamani: mabwawa na fukwe ziligawanywa kisheria kwa rangi tangu 1953. Huyo hakuna aliyemhesabia miaka.

Kwa hiyo mimi, nikiitazama timu hiyo, jina linalonigusa baada ya la Du Toit ni la Achmat Hassiem. Agosti 2006 alikuwa baharini Muizenberg, karibu na Cape Town, katika mazoezi ya uokoaji pamoja na mdogo wake. Papa akatokea. Achmat akayapigapiga maji ili papa amwache mdogo wake aje kwake, na papa akaja. Akapoteza mguu wa kulia. Du Toit ndiye aliyemshawishi ajaribu kuogelea kwa mashindano. London 2012 alipata shaba, mita 100 za kipepeo. Ni ufukwe uleule wa mji uleule ambako kizazi kimoja nyuma rangi yake ingemwekea mpaka. Katika timu hizo alikuwapo pia Shireen Sapiro, aliyejeruhiwa vibaya mguu na panga la injini ya boti akiwa na miaka 13, kisha akachukua dhahabu ya mita 100 za mgongo Beijing. Ninyi mnaoogelea karibu na boti za abiria pale ufukweni, someni mstari huo mara mbili.

*Mwalimu, habari za kazi. Naandika kutoka Nansio. Mwanangu wa pili ana miaka 12, ana ualbino. Anapenda maji kuliko chakula. Mimi tangu kivuko cha MV Nyerere kilipozama 2018 namkataza, lakini anatoroka. Shemeji yangu kaniambia huko kwenye Paralimpiki wanataka waliokatwa viungo tu, na huyu ana mikono na miguu yake yote. Je, kuna nafasi yake, au nimzuie kabisa?*

Mama, nashukuru kwa kuandika. Shemeji yako amekosea, na amekosea mahali muhimu.

Waogeleaji wa Paralimpiki hupangwa kwa madaraja yenye namba. Moja hadi 10 ni ya ulemavu wa viungo. Kumi na moja hadi 13 ni ya macho. Kumi na nne ni ya ulemavu wa akili. Mwanao, kama wengi wenye ualbino, bila shaka huleta daftari karibu na pua, na macho yake hutikisika akikodoa ubaoni. Mlango wake ni wa macho. Daraja la 11 ni la wasioona, na wote huvaa miwani iliyozibwa ili asiwepo anayeona hata mwanga. Wakikaribia ukuta, mtu aliyesimama ukingoni huwagusa kwa fimbo ndefu yenye ncha laini, wajue kugeuka. Daraja la 12 na la 13 ni la wenye uoni hafifu, na wao wanaweza kuogelea bila fimbo hiyo.

Sitaki kukudanganya kwamba ualbino peke yake unatosha. Hupimwa jicho lililo bora, likiwa na miwani inayomfaa. Ili aingie daraja la 13, jicho hilo lisione zaidi ya 6 kwa 60, maana yake akiwa mita 6 aone kile ambacho wengine wanakiona wakiwa mita 60, au upana wa kuona uwe mdogo sana. Wapo wenye ualbino wanaoona vizuri kuliko hapo, na hao hawaingii. Basi kitu cha kwanza mpeleke kwa daktari wa macho, omba namba ziandikwe kwenye karatasi, na uitunze. Akikosa daraja atapata miwani, na miwani atasomea.

La pili ni jua. Ngozi yake haisamehi. Mazoezi yawe kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, na shati la mikono mirefu hata ndani ya maji. Mafuta ya kuzuia jua apakwe kabla ya kutoka nyumbani, na arudie akitoka majini. Yapo yanayotengenezwa Moshi, pale hospitali ya KCMC, kwa ajili ya watu wenye ualbino; ulizia kliniki ya ngozi. Mtoto aliyewahi kuungua mabega hatamani tena maji, nimeliona hilo kwa wanafunzi wangu wawili.

La tatu ni ziwa. Hofu yako naielewa. Siku ya Nyerere nilikuwa na jamaa upande wa Ukara, na sitaandika zaidi. Lakini mtoto wa kisiwani asiyejua kuogelea yuko hatarini zaidi ya anayejua, na huyu anatoroka, kwa hiyo anajifunza bila mtu. Usimkataze, mpe msimamizi. Asiingie kwenye maji yaliyotulia yenye magugu, huko ndiko konokono wa kichocho wanakaa. Mdudu hupita kwenye ngozi na mtoto hasikii kitu. Akiwa ameshaogelea ziwani, na najua ameshaogelea, apimwe na apewe prazikwanteli, dawa ya kichocho. Mazoezi ya kweli yafanyike bwawani, kwa sababu mbio za Paralimpiki ni za bwawani na zinapimwa kwa sehemu za sekunde.

Ukitaka kumwonyesha mtu wa karibu, usimpeleke mbali. Ng'ambo ya ziwa hili, Uganda, yupo Husnah Kukundakwe, aliyezaliwa bila sehemu ya chini ya mkono wa kulia. Michezo ya Tokyo ilipofanyika 2021 alikuwa na miaka 14, mdogo kuliko wanamichezo wote wa Paralimpiki ile. Mwanao amebakiza miaka miwili kufika umri huo. Simaanishi afike Paralimpiki kwa miaka miwili. Namaanisha asione kwamba bado ni mdogo mno kuanza.

Mkija Mwanza, pandeni meli ya asubuhi na mje na ile karatasi ya macho. Kwa wenye uoni hafifu naanza na jambo moja. Nafunga khanga nyekundu juu ya bwawa, mita 5 kabla ya ukuta, pale ambapo mabwawa makubwa huning'iniza bendera. Mtoto analala chali, anapita chini ya khanga, anahesabu mikono hadi kichwa kikaribie ukuta. Mwingine ni minne, mwingine sita. Akishaijua namba yake hagongi kichwa tena, na anaacha kupunguza mwendo kwa woga. Mpaka siku hiyo, ajizoeze kitandani: alale chali, azungushe mikono taratibu, ahesabu kwa sauti.