Kwa katekista mpya aliyepewa darasa la watu wazima

Tumsifu Yesu Kristo.

Paroko amekukabidhi wakatekumeni watu wazima, yaani wale wanaojiandaa kubatizwa, na pengine hadi sasa umezoea watoto wa Komunyo ya kwanza tu. Kitabu cha mafundisho utapewa. Mimi nataka ushike jambo moja kabla hujakifungua: mtu mzima anakuja mafundisho akiwa na maisha yake yote mkononi. Ana mwenzi, ana watoto, ana dini aliyolelewa nayo, kuna wazazi aliowazika. Ukimfundisha kana kwamba ameanza kuishi leo, atakariri sala, atabatizwa, na ikifika Pentekoste hutamwona tena.

Kwa hiyo wiki za mwanzo zungumza na kila mmoja peke yake. Muulize kilichomleta. Mmoja atakuambia mchumba wake ni Mkatoliki. Mwingine alifiwa, akaona jumuiya inavyokuja kusali nyumbani kwake kila jioni mpaka matanga yakaisha, ingawa yeye hakuwa muumini. Usimdharau aliyekuja kwa sababu ya ndoa. Kanisa halidai mtu aanze na nia iliyokamilika. Ndiyo maana limeweka kipindi kirefu cha kuitakasa nia hiyo.

Katika mazungumzo hayohayo uliza mambo mawili, ubatizo na ndoa, na uyaandike.

Juu ya ubatizo: aliyebatizwa kwa Walutheri au Waanglikana, kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, habatizwi tena. Si mkatekumeni. Anaandaliwa kupokelewa katika ushirika kamili na Kanisa, kisha Kipaimara na Ekaristi, na kabla ya hapo anakwenda kuungama. Mwambie alete cheti. Kwa madhehebu usiyoyajua, usiamue mwenyewe, mpelekee paroko.

Juu ya ndoa hapo ndipo pa kukaa. Uliza kwa upole lakini uulize wazi: unaishi na mtu? Mlifunga ndoa wapi, kimila, bomani, msikitini au kanisani? Mmoja wenu aliwahi kufunga ndoa nyingine kabla ya hii? Mwenzako ana dini gani? Ukiyaacha mpaka Kwaresima, utamfikisha mtu mlangoni mwa kanisa, mavazi meupe yameshashonwa na ndugu wameshaalikwa, ndipo aambiwe asubiri. Huo ni uchungu usiomstahili mtu yeyote, na dawa yake ni swali moja lililoulizwa miezi tisa mapema.

Mara nyingi habari ni njema kuliko anavyodhani. Watu wawili wasiobatizwa waliofunga ndoa halali, wakibatizwa wote wawili, ndoa yao inakuwa sakramenti bila kufungwa upya. Mwenye wake wengi kesi yake ni ngumu zaidi, nayo ni ya paroko na askofu. Wewe usimwambie mwanamume arudi nyumbani akafukuze watu. Sheria ya Kanisa yenyewe inadai mke wa kwanza na wengine wanaoachwa watunziwe mahitaji yao kwa haki na kwa mapendo. Na yule ambaye jambo lake halijatatuliwa asiondolewe darasani. Mkatekumeni tayari ameungana na Kanisa kwa namna ya pekee. Akifa kabla ya ubatizo, Kanisa linamzika kama Mkristo. Mwambie hivyo, kwa maana wengi hawajui, na wengine wamekuwa wakijiona watu wa nje kwa miaka.

Sasa mafundisho. Anza na Yesu, kisha Nasadiki, yaani kanuni ya imani, ndipo sakramenti na amri. Mada ya Utatu itakuletea maswali, hasa kwa waliolelewa katika Uislamu, na ni maswali ya haki: hawa ni watu wanaoogopa kumshirikisha Mungu. Heshimu hofu hiyo. Achana na mfano wa maji, barafu na mvuke. Unafundisha kosa, kwamba Mungu mmoja anabadilisha sura tu. Wasomee Yesu anavyobatizwa Yordani: Mwana yuko majini, Roho anamshukia, sauti ya Baba inasikika. Kisha wafundishe kufanya ishara ya msalaba taratibu, na muisali pamoja.

Kwa sakramenti, toka darasani. Siku ya katikati ya juma kanisa likiwa tupu, waingize. Waonyeshe kisima cha ubatizo, altare, kiti cha kitubio, na tabernakulo, kisanduku kinachotunza Ekaristi, na ile taa nyekundu inayowaka pembeni yake. Omba hostia chache, ile mikate myembamba ya Misa, ambazo hazijageuzwa, wazishike, wazionje, wajue ni unga wa ngano na maji tu. Halafu fungua Yohana 6 na Luka 22, uwaeleze kwamba padre akishatamka maneno ya mageuzo, kile walichokishika si mkate tena, ni Mwili wa Kristo. Mtu aliyekwisha kushika ile hostia nyepesi mkononi anaelewa ukubwa wa tunachokiri. Baada ya hapo piga goti mbele ya tabernakulo, usiseme neno, nao watapiga.

Sala za kukariri zisikusumbue sana. Wasiojua kusoma wanazishika kwa kuzisali nawe mwanzoni na mwishoni mwa kila kipindi, na mara nyingi wanawapita wenye daftari.

Kuna watakaolalamika kwamba mwaka ni mrefu. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la wamisionari la Mapadre Weupe, aliwataka wamisionari wake wawaandae watu kwa miaka minne. Ibada ya sasa ya kuwaingiza watu wazima katika Ukristo, iliyotolewa Roma mwaka 1972, inapita kwa hatua: kupokelewa katika ukatekumeni, kuteuliwa kwa ajili ya ubatizo Dominika ya kwanza ya Kwaresima, sala za kuwatakasa Dominika ya tatu, ya nne na ya tano, kisha Mkesha wa Pasaka ambapo wanapokea Ubatizo, Kipaimara na Ekaristi usiku uleule. Usiziruke hatua hizi ili kuokoa muda. Injili za Msamaria kisimani, kipofu tangu kuzaliwa na Lazaro zinawafundisha kuliko wewe na mimi.

Jifunze pia kubatiza katika hatari ya kufa, maana utaitwa wodini usiku na padre yuko kigango cha mbali. Unamimina maji kichwani mara tatu ukisema: nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Karoli Lwanga, shahidi wa Uganda, alikuwa mlei, mwenyewe amebatizwa miezi michache tu kabla, alipowabatiza Kizito na wenzake Munyonyo mwezi Mei 1886. Tarehe 3 Juni walichomwa moto Namugongo.

Msimamizi wa ubatizo awe Mkatoliki mwenye Kipaimara, anayeishi imani yake, na awe anakaa karibu. Shangazi wa mkoa mwingine atakuja kupiga picha tu. Tafuta mtu wa jumuiya yake, atakayempitia Jumamosi asubuhi waende kusali, na baada ya Pasaka aendelee kumpitia.

Kabla hujafunga darasa, kaa na katibu wa parokia mhakikishe kila jina limeingia kwenye daftari la ubatizo, pamoja na la mhudumu, wazazi na wasimamizi, mahali na tarehe, na kila mmoja apewe namba yake. Atakapotaka kufunga ndoa, hata miaka ishirini baadaye na katika jimbo jingine, namba hiyo ndiyo atakayoulizwa kwanza.