Anajua kuzidisha, mafumbo yanamshinda

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko darasa la nne hapa Ngamiani, Tanga. Jedwali la kuzidisha analo kichwani, lakini akipewa fumbo la hesabu ananiuliza, "Mama, nijumlishe au nitoe?" Nasikia michezo ya mantiki ya kushika kwa mikono inasaidia. Nianze na upi, na nimwongoze vipi bila kumpa jibu?

Jibu: Marahaba mama. Anatafuta tendo kabla hajaelewa kisa, na kumwongezea hesabu za kuzidisha hakutamtoa hapo. Waombe wenye duka la jirani vizibo vya soda.

Panga vizibo 10 mkekani. Mnacheza kwa zamu, kila mmoja anaondoa kimoja au viwili. Anayechukua cha mwisho ameshinda. Mwache afungwe kidogo, usimwonee huruma. Akianza kununa, bakisha vitatu tu, zamu iwe yake. Akichukua kimoja, unamalizia viwili. Akichukua viwili, unamalizia kimoja. Sasa muulize: "Wewe ungependa kuniachia vingapi?" Atanyamaza. Nyamaza nawe (hapa ndipo wazazi wengi, na walimu pia, tunapoharibu).

Akishasema vitatu, wekeni vinne, kisha vitano, kisha sita. Taratibu ataona kwamba ukimwachia mwenzako 3, 6 au 9, hana pa kutokea: ni namba zinazogawanyika kwa 3. Kwa hiyo kwenye vizibo 10, anayeanza aondoe kimoja tu. Hilo lijue wewe, usimwambie.

Halafu badili sheria: ruhusa kuondoa hadi vitatu. Kabla hajagusa kizibo, akutajie namba za hatari na aeleze kwa nini. Akisema 4 na 8 bila sababu, huenda amebahatisha.

Siku nyingine mpe chui, mbuzi na majani, wavuke Mto Pangani kwa mtumbwi unaobeba mwenye mali na kimoja tu. Safari ni 7, na wengi hukwama kwa sababu hawawazi kumrudisha mbuzi alikotoka.

Ukirudi kwenye fumbo la shule, msomee bila namba: "Bibi alikuwa na maembe, akauza mengine sokoni." Akuonyeshe kwa vizibo kilichotokea, ndipo umtajie namba. Dakika 20 kwa jioni zinatosha.