Rangi ya Sanamu Ikinata na Kung'aa, Tafuta Kwanza Tabaka Lililo Bichi

Sanamu ndogo ya plastiki ulimaliza kuipaka rangi majuma kadhaa yaliyopita, lakini ukiishika bado inang'ang'ania kidole. Ukiisogeza kwenye mwanga, vazi lake linang'aa kama limelowa, ingawa kopo liliandikwa kuwa rangi haing'ai. Vumbi limeshanasa mabegani. Wapakaji wenzangu wengi wakifika hapo huongeza mkono mmoja wa vanishi na kuomba mema. Ningependa usubiri kidogo. Kunata kunatoka kwenye tabaka fulani, na usipojua ni lipi, unachokiongeza juu kinaweza kulifungia ubichi wake humo humo.

Anza na plastiki yenyewe, maana hapo ndipo ninapokuta chanzo mara nyingi kuliko pengine popote. Sanamu nyingi za wahusika wa katuni na filamu hutengenezwa kwa PVC laini, aina ya plastiki. PVC tupu ni ngumu, hivyo kiwandani huchanganywa na vilainishi, na kwa miaka mingi vilivyotumika sana ni vya jamii ya fthaleti. Vilainishi hivi havijaungana na plastiki kwa kifungo cha kikemikali. Vimekaa tu katikati yake. Kadiri muda unavyopita, hasa penye joto, hujisogeza taratibu hadi juu. Ndiyo maana hata sanamu ambayo hujawahi kuigusa kwa brashi, iliyokaa tu ndani ya boksi lililofungwa, inaweza kutoka humo ikiwa na utelezi wa mafuta.

Sasa pulizia juu ya plastiki hiyo rangi ya kopo yenye viyeyusho vikali. Viyeyusho vinalegeza uso wa PVC, vilainishi vinapata njia ya kupanda, na vinaingia ndani ya rangi kabla haijajishika. Rangi nayo inalainika. Haitakauka wiki ijayo wala mwezi ujao, kwa sababu tatizo si maji wala tina iliyobaki. Rangi imeshachanganyika na kitu ambacho kazi yake ni kulainisha.

Hapo pia ndipo mng'ao unapoeleweka. Rangi isiyong'aa huwa hivyo kwa sababu uso wake una vinundu na vijibonde vidogo mno, mara nyingi kutokana na unga wa silika uliochanganywa ndani, vinavyotawanya mwanga kila upande. Mafuta ya vilainishi yakijaza vijibonde hivyo, uso unakuwa laini na mwanga unarudi kwa pamoja. Kwa hiyo sanamu ikinata na kung'aa kwa wakati mmoja, mimi hushuku PVC kwanza. Iking'aa tu bila kunata, ni habari nyingine.

Kuhakikisha ni rahisi. Geuza sanamu, tafuta sehemu isiyopakwa chini ya nyayo au ndani ya kiungo, kisha iguse kwa kidole safi. Plastiki tupu ikinata, umepata jibu. Ikiwa kavu, nusa rangi. Harufu ya tina au ya mafuta ikiwa bado ipo, rangi yenyewe ndiyo mbichi na huenda inahitaji muda tu. Ikiwa hakuna harufu, plastiki tupu ni kavu, na bado rangi inanata, rudi ukumbuke ulichanganya nini.

Rangi ya mafuta ina tabia ambayo wengi hawaitilii maanani. Hukauka kwa hatua mbili: tina huondoka kwanza, halafu mafuta yanajiunga taratibu kwa kuvuta oksijeni. Hatua ya pili huchukua siku nyingi. Ukipaka mkono mzito, juu hufunga utando na chini hubaki mbichi, kwa kuwa hewa haifiki tena. Baridi na unyevunyevu huongeza kuchelewa. Sanamu ya namna hii iache mahali penye hewa inayopita, mbali na vumbi, uisahau kwa muda. Usiiweke juani wala karibu na hita: PVC laini hupinda kwa joto la wastani tu, na miguu ikishainama sanamu haisimami tena vizuri. Na usipulizie vanishi kali juu ya rangi ya mafuta ambayo haijakomaa. Itajikunja makunyanzi, na hapo hakuna njia ila kuiondoa yote.

Kwa rangi ya maji sababu ni chache zaidi. Huenda dawa ya kuchelewesha kukauka imezidi; matone machache yanasaidia brashi iteleze, lakini kipimo kikubwa huacha rangi ikiwa na unyevu usioondoka. Au chupa ya vanishi haikutikiswa vya kutosha. Unga wa silika huzama chini, na ukichota juu unapaka vanishi inayong'aa huku lebo ikisema vingine. Tikisa, tikisa tena, kisha koroga kwa kijiti hadi usisikie tope chini. Soma na namba za chupa pia: rangi za Tamiya zinazoanza na XF hazing'ai, nyingi za X pekee zinang'aa. X-21 ni ya kuchanganya ndani ya rangi ili kuua mng'ao, na haipakwi peke yake.

Tuje kwenye tiba. Kwa PVC inayotoa mafuta, osha kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, kwa brashi laini, suuza, kisha iache ikauke yenyewe. Kazi hii pekee huondoa kunata kwenye sanamu nyingi za kiwandani, ingawa mafuta yanaweza kurudi baada ya muda na utaosha tena. Kwa sanamu uliyoipaka mwenyewe, iliyobaki na unato mwepesi, vanishi ya maji isiyong'aa, iliyopakwa kwa brashi mikono miwili myembamba, imenifaa mara nyingi. Ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, uache wiki nzima, uguse. Wapo wanaonyunyizia poda ya watoto. Unato hupungua, lakini rangi hufifia na poda hujaa kwenye mikunjo ya uso, na kuitoa humo ni mateso. Mimi siipendekezi kwa sanamu unayoithamini.

Unato ukiwa mzito kiasi cha kuacha alama ya kidole, vua rangi. Najua inauma, hasa ukiwa umeshachora macho vizuri. Rangi ya maji hulegea kwa alkoholi ya isopropili, ukifanya kidogokidogo kwa pamba na mswaki laini bila kuiloweka sanamu kwa muda mrefu. Rangi ya mafuta huhitaji tapentaini, nayo ijaribu kwanza sehemu iliyofichika. Asetoni iache kabisa: hulegeza PVC, na plastiki ngumu za ABS na polistirini huziyeyusha. Fanya kazi hii penye hewa, ukiwa na glavu.

Sanamu zilizochapwa kwa mashine kwa rezini ya mwanga, yaani utomvu unaogandishwa kwa mwanga, zina kisa chao. Zikinata kabla hata ya rangi, rezini haijaiva. Zioshe tena kwa alkoholi, zikauke, kisha uzirudishe kwenye mwanga wa urujuanimno (UV) kabla ya kufikiria brashi.

Ukianza upya kwenye PVC, osha plastiki kwa sabuni, kisha weka praima (rangi ya msingi) ya maji kwa brashi au kwa bomba la hewa badala ya kopo la kupuliza. Paka kwanza chini ya nyayo peke yake, uache siku kadhaa, ujaribu kwa ukucha. Pakiwa pakavu, endelea na mikono myembamba.

Ikishakamilika, usiifunge kwenye mfuko wa plastiki wala usiisimamishe moja kwa moja kwenye rafu iliyopakwa rangi. Vilainishi hupita hata kwenye nyayo, huilainisha rangi ya rafu, na siku ya kuinyanyua sanamu huondoka na kipande cha rangi hiyo. Weka kipande cha kioo au karatasi nene katikati, na kama kabati lina mlango wa kioo, ufungue mara kwa mara hewa ibadilike.