Chama chetu kilipiga siasa marufuku

SWALI: Shikamoo shangazi. Niko katika chama cha akina mama hapa Umoja. Tunachanga kila mwezi na mzunguko haujawahi kukwama. Tangu ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, anayetaja siasa kikaoni au kwenye kundi la WhatsApp hutozwa faini. Juni 2024 binti yangu aliingia mjini na wenzake kupinga Mswada wa Fedha. Wanachama wenzangu walijua, lakini hakuna aliyeniuliza kama alirudi salama. Je, sheria hiyo iondolewe?
Mwanachama, Umoja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kimya hicho kimeniuma hata mimi.

Sheria yenu haikutoka hewani. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika ghasia zile, na humu Nairobi jina la ukoo lilitosha kumtia mtu hatarini. Nyinyi mlitaka kuendelea kuketi pamoja, na mkaweza. Nawaheshimu kwa hilo.

Lakini mswada ule ulipoletwa, ulipendekeza mkate utozwe VAT ya asilimia 16. Nani kwenu hanunui mkate? Pendekezo hilo liliondolewa kwa sababu watu walipaza sauti, na Juni 26, siku moja baada ya vijana kuingia Bungeni, Rais alikataa kuutia sahihi mswada wote. Jambo linalogusa kila sufuria mtaani kwenu haliwezi kukosa nafasi katika kikao chenu.

Bakisheni faini kwa matusi ya kikabila na kwa anayempigia debe mwanasiasa. Mengine yafungulieni mlango. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge hilo liwashirikishe wananchi. Akina mama mnaoweka hesabu bila shilingi kupotea mnashindwaje kuuliza pesa za maji na taa za barabarani za wadi yenu? Pita bustani ya Jeevanjee mchana uone watu wasiojuana wakibishana kuhusu serikali, kisha kila mmoja anashika njia yake. Nyinyi mmezikana na kuozeshana watoto!

Kikao kijacho, anza wewe. Waeleze ulivyomngoja binti yako siku ile. Usiwaombe wayaunge mkono maandamano. Mhazini akikutoza faini, lipa, kisha umwombe katibu aandike hoja yako kwenye kumbukumbu, ijadiliwe na kupigiwa kura.