Maswali na majibu ya elki: bunduki mnaniuliza wote, mguu wa nyuma nani ataubeba?

Maswali ya kuwinda elki, yule kulungu mkubwa wa huku Marekani, yamejaa tangu matokeo ya droo ya leseni yatoke na mengi yanafanana mpaka najiuliza kama mnakopiana. Nimechagua ya wanaotaka kwenda msituni peke yao kwa mara ya kwanza, maana hao ndio wananinyima usingizi. Najibu kwa sheria za Colorado, ndiko ninakoishi na kuwinda. Ukiwa Idaho au Montana soma za kwenu, usije ukanitaja mbele ya bwana nyama.

Kaka, ninunue bunduki ya risasi ya .308 au ya .300 Win Mag kwa ajili ya elki? (Aurora)

Yoyote. Hili swali mwaka huu nimeulizwa mara kumi na mbili jibu ni lile lile. Bunduki nzuri ni ile ambayo ukiwa unahema, umepiga goti kwenye mteremko, unapiga nayo sahani ya chai mita 200 mara tano kwa tano. Kama huwezi na .308 hutaweza na hiyo nyingine inayopiga teke zaidi.

Nasikia elki wanakimbilia mbali na barabara, kwa hiyo nimepanga kuingia kilomita 8 kutoka paking. Begi langu ni zito, nipunguze nini? (Kansas City)

Punguza kilomita. Ndugu yangu kaa chini tupige hesabu ambayo watu hawapendi kuipiga. Elki dume linafika kilo 300 na zaidi, ukishatoa ngozi, utumbo na mifupa unabaki na nyama kama kilo 80 mpaka 100. Mfupa ukibaki ndani, mguu wa nyuma mmoja tu ni kilo 25 na kitu, na huo ni mzigo mzima wa safari moja. Kwa hiyo miguu minne ni mizigo minne, na wa tano ni minofu ya mgongo, shingo na hema lako. Sasa umeangusha mnyama kilomita 5 ndani, sio 8, tano tu, mizigo mitano maana yake unatoka mara tano na kurudi mara nne, jumla kilomita 45, na 25 kati ya hizo una mzigo mgongoni, peke yako, kwenye miti iliyoanguka na theluji ya kwanza. Mpagazi wa Kilimanjaro anapimiwa mzigo kwenye mizani pale getini, kilo 20, na yule ni mtu anayeifanya kazi hiyo kila wiki. Wewe unakaa kwenye fokilifti mwaka mzima afu unataka kubeba 30.

Na kuacha nyama porini haiwezekani, Colorado ni kosa la jinai kuacha nyama inayolika ikaoza, miguu yote minne na minofu ya mgongo ya nje na ya ndani lazima itoke. Wanaokwambia "nilichukua pembe na mapaja tu" wanakwambia walivunja sheria.

Kwa mara ya kwanza peke yako mwisho kilomita 3. Anza sasa hivi kubeba gunia la mchele la ratili 50 kwenye begi, panda na kushuka ngazi za apatimenti. Majirani watacheka, mimi wangu walinipiga video. Kama bado unataka kwenda mbali, kabla ya msimu tafuta mwenye farasi aliyesajiliwa kisheria, ukubaliane naye bei ya kuja kutoa nyama. Usianze kumtafuta nyama ikiwa chini.

Toroli la tairi moja au baiskeli ya umeme si itasaidia kubeba? (Kansas City, huyo huyo)

Maeneo yaliyotengwa kama nyika, mfano Flat Tops ya hapa Colorado, chochote chenye tairi hakiruhusiwi, hata toroli la kusukuma. Na nilijua utauliza.

Oktoba si kuna baridi, nyama itaharibikaje? (Omaha)

Hata mimi niliamini hivyo. Dume langu la kwanza lilianguka saa kumi na moja jioni kasoro, mpaka nimemaliza kumgawa ni usiku, tochi ya kichwani inafifia, mikono imeganda, nikatia miguu miwili ya nyuma kwenye mifuko na kuilaza mmoja juu ya mwingine kwenye nyasi, nikaenda kulala nikiwa najiona mwanaume. Usiku maji yaliganda kwenye chupa. Asubuhi nikaingiza mkono katikati ya ile miguu na kulikuwa na joto, joto kabisa kama la chapati zilizofunikwa kitambaa. Mguu wa chini pale kwenye nyonga ulikuwa umeshaanza kunuka uchachu, nikakata na kutupa zaidi ya kilo 6 huku najitukana kwa Kisambaa.

Elki ana ngozi nene na manyoya, mwili wake unatunza joto sana, na joto linakaa kwenye mfupa wa nyonga. Kwa hiyo ngozi itoke haraka, mguu utenganishwe na kiungo chake, na kila mguu uning'inie peke yake kivulini upepo upite. Mifuko iwe ya kitambaa kinachopumua, ole wako nisikie umetumia mfuko wa takataka. Utumbo huna haja ya kuutoa: mlaze ubavu, chuna kuanzia mgongoni, toa mguu wa mbele (hauna kiungo na mwili, kisu tu kinatosha), toa wa nyuma, minofu ya mgongo, shingo, kisha mgeuze. Kumgeuza peke yako ndio mziki, chukua kamba, funga mguu wa juu kwenye mti uvute kidogo kidogo.

Mambo mawili hujaniuliza. Moja, tagi, ile karatasi ya leseni inayokaa na mnyama, unaijaza na kusaini pale pale kabla hujaanza kupiga picha, na ushahidi wa jinsia ubaki umeshikana na mguu mmojawapo kiasili, kwa dume wengi tunaacha korodani, usione aibu, aibu ni ile utakayoipata kwenye kizuizi cha ukaguzi. Pili, visu vya wembe wa kubadilisha vinakata kuliko unavyodhani, na uko peke yako na vidole havina hisia. Pakiti ya kuzuia damu ikae kwenye mfuko wa suruali, maana begi utakuwa umelitundika mtini.

Nafika Denver kwa ndege Ijumaa jioni natoka Houston, Jumamosi alfajiri niwe juu futi 10,500. Inawezekana? (Houston)

Kufika inawezekana. Houston iko usawa wa bahari, kichwa kitakupasuka na utatapika msosi wote. Lala usiku mmoja au miwili Denver au mji wa chini, kunywa maji, siku ya kwanza tembea bila bunduki. Ukiona unayumba kama mlevi, au unakosa pumzi hata umekaa, shuka usiku huo huo, hayo yanaua na hakuna wa kukuambia kwamba umeanza kuongea ovyo.

Dawa za kufuta harufu ya mwili zinasaidia? (Aurora)

Hapana. Upepo ndio kila kitu. Jua likishapasha mlima hewa inapanda, jioni inashuka. Alfajiri na jioni usimsogelee elki kutoka juu, mchana usimsogelee kutoka chini, na beba kichupa cha unga wa talki upulize kidogo kila mara uone unakoelekea. Hela ya hizo dawa nunua soksi za sufu.

Sisi Waislamu, elki wa risasi ni halali? (Minneapolis)

Mimi si sheikh, wako yupo, muulize. Nilivyofundishwa na wanaojua: mnyama mwenyewe hana tatizo, ni mla majani anayecheua. Unataja Bismillahi unapofyatua, risasi ikamchoma akafa kabla hujamfikia, masheikh wengi wanasema ni halali. Ukimkuta ana uhai mchinje. Cha kwangu ni hiki: msogelee kwa nyuma upande wa mgongo, mguse jicho kwa fimbo ndefu kwanza, akipepesa hajafa na zile pembe anazirusha. Usipige magoti shingoni kwake kwa haraka ya kuwahi kuchinja.

Nikiona dume lolote napiga, si ndiyo? (Denver)

Jamani. Hapana! Yani hiki ni kitu cha ukurasa wa kwanza wa kijitabu cha bure. Maeneo mengi ya huku dume halali lazima awe na ncha nne upande mmoja, au ile ncha ya juu ya jicho iwe inchi 5 na zaidi. Huwezi kuzihesabu, hupigi. Na kila mwaka kuna watu wanapiga muzi (moose, jamii ya elki lakini mkubwa zaidi) wakidhani ni elki. Elki mwili ni kahawia ya maziwa, shingo nyeusi, makalio meupe ya njano. Muzi ni mweusi mwili mzima, pua kama ya ngamia, pembe pana kama sinia. Ukipiga dume la ncha sita kinyume cha sheria kuna dola 10,000 juu ya faini za kawaida, na leseni wakikunyang'anya huku majimbo mengine nayo wanakufungia. Nunua darubini ya shingoni. Asiyekuwa nayo anatazama vichaka kwa darubini ya bunduki, na kile kichaka siku moja kitakuwa ni mimi nimevaa rangi ya chungwa.

Nina grinkadi tu, naruhusiwa bunduki? Na bangi si halali Colorado? (Aurora)

Grinkadi ndiyo, ukipita ukaguzi wa dukani. Viza ya muda ni habari nyingine yenye masharti yake, hiyo muulize wakili. Bangi: jimbo limeruhusu, serikali kuu haijaruhusu, na ile fomu ya kununulia bunduki ni ya serikali kuu na inauliza habari ya bangi wazi kabisa. Kudanganya kwenye fomu hiyo ukiwa na karatasi za uhamiaji ni kujichimbia.

Dubu je? (Columbus)

Huku ni dubu mweusi, tundika nyama mbali na unapolala, basi. Baridi ndiyo uiogope, jinzi na fulana ya pamba vikilowa jasho la kupanda ukasimama nusu saa unaanza kutetemeka. Na kichujio cha maji lala nacho ndani ya begi la kulalia, kikiganda kimepasuka ndani na hutajua mpaka tumbo likujulishe.

Mama yangu Morogoro nimemwambia naenda kuwinda analia, anasema mwanangu amekuwa jangili. (Dallas)

Mtumie picha ya leseni na risiti. Mwambie huku hata risasi ukinunua kuna kodi ya asilimia 11 inayokwenda kwa wanyamapori, tangu 1937. Akiuliza bei ya leseni ya mtu wa nje ya jimbo badilisha mada.

Mke wangu hataki niende peke yangu. Nimwambieje? (Denver)

Usimwambie, mpe karatasi. Iandike gari limepaki wapi, namba yake, njia unayoingilia, hema litakuwa bonde gani, na saa ambayo asipopata ujumbe wako wa setilaiti apige simu kwa sherifu wa kaunti ile. Sio 911 ya Denver, kaunti ile, namba umwandikie. Wenzetu wengi wanaogopa kuita msaada kwa sababu ya bili, waokoaji wa milimani huku ni wa kujitolea na hawakutozi, helikopta ya hospitali ndiyo yenye bili, na hata hiyo ni nafuu kuliko kusafirisha mwili mpaka Bongo.

Na ile saa uliyoandika iheshimu. Mwaka wangu wa pili nilichelewa masaa matatu kwa sababu ya upuuzi, nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nawasikiliza elki wakilia upande wa pili wa bonde. Nafika nyumbani namkuta mama watoto amekaa kwenye ngazi ya mlango, koti kavaa, viatu kavaa, simu mkononi na ile karatasi ameikunja mpaka imechanika. Hakusema kitu. Aliingia ndani akaanza kupasha chai.