Kiwanja changu kilivyokwenda kwa sababu ya vidonge vya shilingi 200

Juzi dada mmoja wa Morogoro kaniandikia: "Kaka, mama kapewa dawa za presha, lakini anasema akimaliza hizi basi. Anadai zinauzoesha mwili, na mbona yeye hana hata kizunguzungu. Nimwache?"

Dada yangu, usimwache. Baba yangu mzazi naye aliziacha dawa hizo, na nimelipia.

Mzee alikuwa dereva wa malori, mtu wa miraba minne. Mwaka 2016 zahanati ilimkuta na presha ya 170 kwa 100. Presha ya juu huanza kuhesabiwa kwenye 140 kwa 90, kwa hiyo yeye alishavuka zamani. Akaandikiwa amlodipini, kidonge kimoja kila siku. Duka la dawa la mtaani kwetu walikuwa wanauza kidonge shilingi 200, yaani 6,000 kwa mwezi. Baada ya miezi miwili akanipigia simu: "Mwanangu, dawa zimeisha." Nikamjibu, "Baba, vuta subira mpaka mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi ulifika ukapita, na yeye hakuniuliza tena. Linaloniuma ni kwamba hela nilikuwa nayo. Mwezi huo huo nilichangia harusi mbili.

Mwaka 2021, usiku, kifua kikambana, jasho likamlowesha shati zima. Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba. Namshukuru Mungu matibabu hayo siku hizi yanapatikana hapa hapa Dar es Salaam. Kabla Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete haijaanzishwa mwaka 2015, wagonjwa wengi wa moyo walikuwa wanapelekwa India. Lakini vipimo, kuzibuliwa mshipa na kulazwa vilikula milioni saba. Bima hatukuwa nayo. Kiwanja changu cha Chanika, nilichokilipia kidogo kidogo kwa miaka minne, kiliuzwa ndani ya wiki moja kwa bei ya kutupa.

Siku namfungashia nguo za hospitali nilikuta chini ya godoro kile kibahasha cha dawa cha mwaka 2016, kimeandikwa kwa kalamu ya bluu: 1x1. Nikakaa kitandani nikapiga hesabu nyuma yake. Kwa mwaka, 72,000. Milioni saba zingemnunulia dawa ile kwa miaka 97.

Sisemi kidonge kingemkinga kabisa. Ila kule Iran, watu zaidi ya 6,800 wa vijijini walifuatiliwa kwa miaka mitano. Waliopewa kidonge kimoja chenye dawa za presha, aspirini na dawa ya kushusha mafuta kwenye damu walipata mashambulio ya moyo na kiharusi pungufu kwa karibu theluthi moja. Matokeo yalitoka 2019, na 2023 Shirika la Afya Duniani likaingiza vidonge vya namna hiyo kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Na msidhani ukishalipa mamilioni umemaliza. Baba yupo hai, lakini moyo wake umechoka, hawezi kumbeba mjukuu, na sasa anameza dawa aina tano kila siku. Vidonge tulivyovikimbia vimerudi vikiwa vingi na ghali zaidi.

Kwa hiyo pimeni presha. Kama umri umepita 40, pima hata kama unajisikia mzima, maana presha haipigi hodi. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na supu. Ukiandikiwa dawa, meza, na usiache bila daktari kukuambia. Kata bima ukiwa mzima. Na ninyi vijana mnaotuma hela nyumbani, dawa ya mzee itoke kwanza, michango ya harusi ifuate.

Dada wa Morogoro, mwambie mama hivi: kutosikia kizunguzungu huenda ni kwa sababu dawa inafanya kazi yake, au presha imenyamaza tu. Mashine ya kupimia ndiyo itasema ni kipi. Mpeleke wiki hii, kisha niandikie namba zake.