Uliza Ujibiwe: Hivi meli ya Bear ilikuwa ya nani?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nimesikia juujuu kuhusu meli moja ya zamani ya Marekani inaitwa Bear, kwamba mabaki yake yamepatikana chini ya bahari. Sasa mmoja ananiambia ilikuwa ya wawinda sili, mwingine anasema ya jeshi la wanamaji, mwingine ya walinzi wa pwani. Nani mkweli? Na hilo la nahodha wake kuzaliwa na mama mtumwa ni kweli au wametia chumvi?

JIBU: Salama ndugu yangu, na asante sana, maana hii meli naipenda kweli. Wote watatu wako sahihi, wamekamata vipande tofauti tu vya maisha yake.

Iliundwa 1874 kule Dundee, Scotland, kwa ajili ya kuwinda sili, wale wanyama wa baharini wa nchi za baridi. Mbao nene za mwaloni, juu yake wakapigilia mbao nyingine ngumu sana za Australia ili barafu isiitoboe, ina matanga na injini ya mvuke, urefu kama mita 60. Ikawinda miaka kumi huko Newfoundland (leo ni sehemu ya Kanada), halafu 1884 jeshi la wanamaji la Marekani likainunua fasta kwenda kumtafuta Greely, ofisa wa jeshi la Marekani aliyekwama Aktiki (kule ncha ya kaskazini ya dunia) na wenzake, msafara wa watu 25 na waliorudi nyumbani hai ni 6 tu. 1885 ikahamishiwa kwenye kikosi cha meli za doria cha wizara ya fedha, na hicho kikosi ndicho kilichounganishwa 1915 na kile cha waokoaji wa pwani wakazaliwa Walinzi wa Pwani wa leo.

La nahodha ni kweli tupu. Michael Healy alizaliwa Georgia 1839, baba Mwairishi mwenye shamba, mama mtumwa mwenye asili ya Afrika, na kwa sheria za pale mtoto alifuata hali ya mama yake, kwa hiyo kisheria na yeye alikuwa mtumwa. Bear alikabidhiwa 1886, na enzi zake wengi wala hawakujua asili yake. Kule Alaska hiyo meli ndiyo ilikuwa serikali yenyewe: inabeba daktari, hakimu, barua, wafungwa, inakamata majangili wa sili. Healy akaona wenyeji wana njaa kwa sababu wageni wamemaliza nyangumi, ng'ambo Siberia watu wanafuga reindia (wale kulungu wa nchi za baridi) na wanashiba, basi yeye na mmisionari Sheldon Jackson wakaanza kuwavusha hao reindia kuja Alaska, mnyama anafungwa kamba, ananyanyuliwa juu hadi sitahani. Alikuwa mkali mno na pombe ilimshinda, 1896 akashtakiwa akavuliwa uongozi wa meli, hilo nalo lisemwe.

Sasa kisa ambacho mimi sichoki kukisimulia. Mwishoni mwa 1897 meli nane za nyangumi zilinaswa na barafu karibu na Point Barrow, ncha ya kaskazini ya Alaska, zina mabaharia zaidi ya 200. Bear ikatumwa lakini barafu ikaizuia, ikawashusha maofisa watatu, Jarvis, Bertholf na daktari Call, watembee. Kilomita kama 2,400, majira ya baridi, na sleji za mbwa! Chakula cha kupeleka kingekuwa reindia wanaojitembeza wenyewe, na sehemu ya hao reindia walikuwa mali ya mfugaji Mwinupiati (kabila la wenyeji wa Alaska), Charlie Artisarlook. Jarvis alienda kwake akiwa na wasiwasi mkubwa maana anamwomba mtu utajiri wake wote kwa ahadi tu kwamba serikali italipa. Charlie na mkewe Mary wakajadiliana wakakubali, na Charlie mwenyewe akaungana na msafara. Walifika mwisho wa Machi 1898 na wanyama kama 380, wakakuta mabaharia wengi bado wazima kwa sababu wawindaji wenyeji walikuwa wanawaletea nyama. Maofisa watatu walipewa medali za dhahabu na bunge, na mimi naona Charlie naye alistahili yake.

Baada ya hapo ilisaidia waliokumbwa na tetemeko la San Francisco 1906, ikawa makumbusho Oakland, mpelelezi wa Kimarekani Richard Byrd akainunua kwenye mnada kwa dola 1,050 tu akaenda nayo Antaktika, na wakati wa vita vya pili vya dunia ikarudi doria Greenland ikiwa imeshazeeka.

Mwisho wake unauma. Mtu aliinunua aigeuze mgahawa Philadelphia, ikawa inavutwa na tagi (meli ndogo ya kuvuta nyingine) kutoka Halifax, Kanada, Machi 1963 dhoruba ikawapiga, kamba ikakatika, mlingoti ukaanguka ukatoboa ubavu, ikazama. Mabaki yalionekana 2019, na 2021 wakatangaza rasmi kwamba ndiyo yenyewe, wakiitambua kwa vile vyuma vya kukazia upande wa mbele, vilivyowekwa kwa ajili ya barafu. Na Walinzi wa Pwani wa Marekani leo wana meli ya kuvunja barafu inaitwa Healy.